Vitanda Kwanza, Milima Baadaye: Majibu kwa Wanaotaka Kuuzunguka Mont Blanc

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu njia moja: mzunguko wa mlima Mont Blanc wa Alps, takribani kilomita 170 kwa miguu kupitia vijiji vya Ufaransa, Italia na Uswisi. Tumeanza na maswali ya maandalizi, kisha yale ya njiani.

Tuko marafiki watano, watatu Dar es Salaam na wawili wanasoma Ufaransa. Tunataka kwenda Julai mwakani. Kila mmoja ana orodha yake ya vifaa, lakini hatujui hasa kinachotangulia ni kipi.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Vitanda. Viatu, makoti na mashanta mtavipata hata wiki mbili kabla ya safari, lakini kitanda cha katikati ya Julai hakingoji mtu.

Mzunguko huu hutembewa kwa siku 10 au 11. Wengi huanzia Les Houches, karibu na Chamonix, na kuuacha mlima mkono wa kushoto. Mnalala vijijini, na pasipo kijiji mnalala kwenye nyumba za wapanda milima, ambazo Wafaransa huziita refuge na Waitalia rifugio. Nyingi hufunguliwa katikati ya Juni na kufungwa katikati ya Septemba, na huanza kupokea maombi ya nafasi kati ya Oktoba na Januari. Bei ya kitanda cha bweni pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa huwa kati ya yuro 60 na 90 kwa mtu, na upande wa Uswisi mara nyingi huzidi.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kuagiza kwa kufuata mpangilio wa siku: siku ya 1, siku ya 2, siku ya 3. Mkifika siku ya 4 mnakuta pamejaa, na arubuni za nyuma mmeshalipa. Fanyeni kinyume chake. Anzeni na sehemu zenye vitanda vichache na zisizo na mji jirani, nazo ni mbili. Ya kwanza ni kipande kinachotoka Les Contamines hadi Courmayeur, yaani nyumba ya Croix du Bonhomme, kitongoji cha Les Chapieux na rifugio Elisabetta. Ya pili ni bonde la Val Ferret la Italia, kwenye rifugio Bonatti na rifugio Elena. Mkishapata tarehe huko, zijengeni siku nyingine kuzunguka hizo. Les Contamines, Courmayeur, La Fouly na Champex ni vijiji na miji yenye nyumba za wageni, kupata pa kulala huko ni rahisi zaidi.

Epukeni wiki ya mwisho ya Agosti, wakati wa mbio kubwa za UTMB zinazoanzia Chamonix, na siku za kuizunguka Agosti 15, ambayo ni sikukuu Ufaransa na Italia. Maagizo yote yawe kwa jina la mtu mmoja, na mtu mwingine ashike fedha. Makundi yanayoagiza kila mtu kivyake hujikuta watatu wana kitanda na wawili hawana.

Vitanda hivyo hivyo ndivyo vitakavyowasaidia ninyi watatu wa Dar kwenye viza. Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote tatu, na inaombwa kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi, hata kama ndege inatua Geneva. Hesabuni: kwa ratiba ya kawaida Ufaransa hupata usiku 5 hivi, Italia 3 na Uswisi 3. Basi ombeni Ufaransa, na ambatisheni uthibitisho wa kila kitanda. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu iwe na kiwango kisichopungua yuro 30,000. Kabla ya kuilipia bima hiyo, ulizeni kwa maandishi kama inagharamia uokoaji wa mlimani kwa helikopta. Nyingi za bei nafuu hazigharamii.

Kwenye ramani siku ndefu ni kilomita 18 tu. Kwetu huo ni mwendo wa asubuhi. Tukiunganisha siku mbili mbili, si tutamaliza kwa siku tano?
*Msomaji, Eldoret*

Mlimani kilomita hazikuambii kitu mpaka uzisome pamoja na mpando. Mzunguko mzima una jumla ya mita 10,000 hivi za kupanda, na mita hizo hizo unazishuka.

Chukua siku ya pili, Les Contamines hadi Les Chapieux, kilomita 18. Les Contamines iko mita 1,167 kutoka usawa wa bahari. Unapanda hadi shingo ya mlima, yaani pa kuvukia kati ya vilele, iitwayo Col du Bonhomme, mita 2,329, unaendelea hadi shingo ya pili kwenye mita 2,480 hivi, ndipo unateremka hadi Les Chapieux, mita 1,550. Jumla umepanda mita 1,300 na kushuka 930.

Wenyeji wa Alps wana kanuni ya kupiga hesabu ya muda. Kilomita 4 za tambarare ni saa moja. Mita 300 za kupanda ni saa moja. Mita 500 za kushuka ni saa moja. Jumlisha muda wa kupanda na kushuka: hapa unapata saa 4 na dakika 20, na saa 1 na dakika 50, yaani saa 6 na dakika 10. Muda wa umbali peke yake ni saa 4 na nusu. Chukua lililo kubwa lote, ongeza nusu ya lililo dogo: saa 8 na dakika 25, bila kukaa chini hata mara moja. Ongeza saa moja na nusu ya kula na kupumzika. Kundi linaloondoka saa 1 asubuhi litaingia Les Chapieux karibu saa 11 jioni. Hapo hakuna siku ya pili ya kuunganisha.

Vibao vya njano vya Uswisi vinavyoonyesha muda navyo havihesabu mapumziko. Ukisoma saa 3, panga saa 4.

Kijana mwenye mapafu ya Eldoret anaweza kupanda haraka kuliko kanuni. Kinachomkamata ni kushuka. Siku ya mwisho, kutoka kilele cha Brévent, mita 2,525, hadi Les Houches, mita 1,007, ni mteremko wa mita 1,500 kwa mkupuo mmoja, na magoti ya watu wengi hukataa hapo. Refusha fimbo zako za kutembelea kwa sentimita 5 hadi 10 unaposhuka, piga hatua fupi, goti lisinyooke kabisa.

Siku nyepesi ipo, La Fouly hadi Champex, kilomita 15, lakini tunakuomba usiikimbize. Ndiyo siku ya vijiji hasa. Unateremka na bonde, unapita Praz-de-Fort na Issert katikati ya nyumba za mbao zilizoungua rangi kwa jua. Angalia maghala ya zamani ya nafaka ya jimbo la Valais: yamesimama juu ya miguu ya mbao kama kihenge, na juu ya kila mguu limelazwa jiwe la bapa, pana kama sinia. Panya hupanda mguu, akifika chini ya jiwe hana pa kushika. Mkulima yeyote wa mahindi ataelewa jambo hilo bila kuelezwa.

Nimepanda Kilimanjaro mara mbili. Huko Alps wapagazi wanakodishwa wapi, na je, nianze dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko?
*Msomaji, Moshi*

Wapagazi hakuna, ndugu. Kila mtu hubeba chake. Lililopo ni magari yanayohamisha mizigo kutoka kijiji hadi kijiji kwa malipo, lakini hayafiki kwenye nyumba zisizo na barabara, hivyo siku mbili tatu utabeba vyako vyote hata ukiyakodi.

Kuhusu mwinuko, sehemu ya juu kabisa ya njia ya kawaida ni Grand Col Ferret, mita 2,537, na njia mbadala zinafika 2,665. Hapo ni chini ya kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro, na kila siku unashuka kulala chini. Kwa mtu mwenye afya njema dawa hiyo haina kazi huku.

Uzoefu wa Kilimanjaro unadanganya kwenye mzigo tu. Kule unabeba kibegi cha kilo 5 au 6, hapa shanta lako ndilo nyumba yako. Kwa anayelala ndani, lenga kilo 8 pamoja na maji. Shanta la lita 35 likiwa tupu ni kilo 1.3 hivi, maji lita 1.5 ni kilo 1.5, koti la mvua gramu 400, sweta la manyoya gramu 300, suruali moja ya akiba, fulana 2, soksi jozi 3, kofia na glovu nyepesi, dawa na plasta gramu 300, chakula cha mchana. Begi zito la kulalia liache nyumbani, mablanketi yapo. Kinachotakiwa karibu kila nyumba ni shuka jepesi lililoshonwa kama mfuko, gramu 150 hadi 300, na ndala za ndani, kwa sababu viatu vya njia huachwa mlangoni. Suruali ya jinsi isije kabisa: ikilowa haikauki usiku mmoja, na kwenye upepo wa mita 2,400 inakunyonya joto.

Mkiamua kupiga hema, kila mmoja aongeze kilo 4 hadi 5. Laleni kwenye kambi rasmi: zipo Les Contamines, Val Veny, La Fouly na Champex, na Les Chapieux pana uwanja uliotengwa. Msitegemee kujipigia hema popote, kwani sheria za nchi hizi tatu hazifanani na nyingi zinakataza. Gesi ya jiko nunueni Chamonix, haipandi ndege.

Sisi ni akina dada wanne, Waislamu. Tunasikia chakula cha huko ni nguruwe na divai. Na kulala bweni moja na wanaume inakuwaje?
*Wasomaji, Mombasa*

Dada zetu, mambo yote mawili yana njia, mradi yasemwe siku ya kuagiza kitanda na si siku ya kufika. Mpishi wa mlimani hupandishiwa vyakula kwa idadi ya watu, na jioni hupika sufuria moja kwa wote.

Kusema "bila nguruwe" hakutoshi, mtaletewa kuku au ng'ombe asiyechinjwa kwa sharti letu. Andikeni *végétarien*, na kwa Italia *vegetariano*, kisha ongezeni kwamba hamtumii pombe hata ndani ya mapishi. Piga simu tena siku moja kabla. Jihadharini na vyakula vitatu. Tartiflette ni viazi na jibini ya reblochon, na ndani yake hukatwa vipande vidogo vya nyama ya nguruwe visivyoonekana kirahisi. Fondue ni jibini iliyoyeyushwa ndani ya divai nyeupe. Supu ya mboga mara nyingi imeanzishwa kwa mchuzi wa nyama, hivyo ulizeni.

Upande wa Italia mtafurahi. Polenta ni unga wa mahindi uliosongwa, laini kuliko ugali wetu, na katika bonde la Aosta huvurugwa na siagi na jibini ya fontina mpaka inavutika kama uzi. Hakikisheni tu soseji zimepikwa kwenye chombo kingine.

Mkate wa mchana unaofungwa kwenye mfuko kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe, agizeni wa jibini au yai. Samaki wa kopo wanapatikana kwenye maduka ya Chamonix na Courmayeur. Kutoka nyumbani chukueni tende na karanga za kukaanga. Nyama kavu na vitu vya maziwa msibebe, Ulaya inavizuia na vitachukuliwa uwanjani. Tende haina shida.

Bweni ni la pamoja, wanaume kwa wanawake, mara nyingine magodoro yamepangwa bega kwa bega. Lakini nyumba nyingi zina vyumba vichache vya watu 4, na ninyi ni wanne kamili. Ombeni *chambre de quatre* mapema, hata ikizidi yuro 10 kwa mtu. Bafu huendeshwa kwa sarafu maalumu ya dakika chache za maji ya moto, ingieni mara mfikapo kabla foleni haijakua. Chakula cha jioni ni saa 1, taa huzimwa saa 4, na Julai jua huzama baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo Maghrib itawakuta mmekwisha kula. Kibla ni kusini-mashariki. Simameni ukumbini au nje, bwenini watu wamelala.

Radi. Tumesoma kwamba mchana wa kiangazi Alps huchafuka ghafla. Tutajuaje wakati wa kurudi nyuma?
*Msomaji, Nairobi*

Jua la asubuhi hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na kuanzia saa 8 mchana mawingu hugeuka kuwa ngurumo. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni ya saa ya kuondoka: shingo ya mlima ipitwe kabla ya saa 6 mchana. Col de la Seigne, mita 2,516, na Grand Col Ferret hazina pa kujificha.

Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Chini ya sekunde 30, msipande tena, shukeni kutoka mgongoni mwa mlima kwa njia mliyojia. Mkishindwa kushuka, tawanyikeni, kila mtu achutame juu ya shanta lake miguu ikiwa pamoja, fimbo ziachwe mbali. Msijikunje chini ya mti uliosimama peke yake, wala kwenye mdomo wa pango. Kati ya Tré-le-Champ na Tête aux Vents kuna ngazi za chuma zilizopigiliwa kwenye mwamba: kukiwa na dalili ya radi, au mmoja wenu akiogopa kimo, zungukeni kwa Col des Montets. Mtakutana na njia ile ile juu.

Ukungu ni jambo la pili. Ufaransa mnafuata alama ya mistari miwili, mweupe na mwekundu, Italia almasi ya njano yenye herufi TMB (Tour du Mont Blanc, jina la njia hii), Uswisi vibao vya njano na mstari mweupe-mwekundu-mweupe. Dakika 10 zikipita bila alama, rudini hadi ya mwisho mliyoiona. Na ikiwa ni Juni, theluji ya msimu uliopita bado imelala kwenye Bonhomme na Fenêtre d'Arpette, shingo ya njia mbadala kati ya Champex na Trient. Mbadala wa Fenêtre d'Arpette ni njia ya Bovine, malisho ya ng'ombe yasiyozidi mita 2,000 hivi, na unafika Trient vilevile.

Mmoja wetu ni mzito wa miguu na tunampenda. Wengine wana wasiwasi atatuchelewesha. Tumwambie asije?
*Msomaji, Bujumbura*

Aje, na mpango ujengwe juu ya mwendo wake. Mtu wa polepole awekwe wa pili kutoka mbele. Akiwekwa nyuma, kila mkimngoja mnapumzika ninyi, yeye akifika mnaondoka, na kufikia alasiri yeye peke yake hajapumzika. Hapo ndipo watu huteleza. Kila njia panda wote wasubiriane, bila kujali ramani iko kwenye simu ya nani.

Mguu nao una lugha yake. Lengelenge huanza kama joto mahali pamoja, kisigino au chini ya kidole gumba. Kuanzia joto hadi lengelenge ni muda mfupi tu. Kwa hiyo mwenye kuona joto aseme, wote wasimame, avue kiatu, akaushe, abandike plasta ya kitambaa bila kunjo. Anayenyamaza kwa aibu ndiye anayeliharibu kundi.

Na muwe mmekubaliana mapema pa kutokea. Les Contamines ina basi la kushuka Saint-Gervais. Courmayeur ina basi la kurudi Chamonix kupitia handaki la chini ya Mont Blanc, kilomita 11.6. La Fouly na Champex zina mabasi ya Orsières, na huko kuna treni ya Martigny. Trient ina basi la Martigny. Aliyechoka apande basi, akawasubiri kijiji kinachofuata na kitanda chake kikiwa palepale.

Akiumia vibaya, namba ni 112 nchi zote tatu, na Valais gari la wagonjwa na helikopta ni 144. Pasipo mtandao, toeni ishara 6 kwa dakika kwa filimbi au tochi, nyamazeni dakika moja, rudieni. Helikopta ikija, mikono miwili juu ni ndiyo, tunahitaji msaada. Mmoja juu mmoja chini ni hapana. Ufaransa uokoaji wa mlimani wa kikosi cha serikali kwa kawaida haulipiwi. Uswisi bili ya helikopta hufika maelfu ya faranga, ndiyo sababu ya lile neno la bima hapo juu.

Nimeambiwa kuna mbwa wakubwa weupe wanaokimbilia watu. Ni kweli?
*Msomaji, Lyon*

Ni kweli, ni walinzi wa kondoo dhidi ya mbwa mwitu wa Ulaya, Wafaransa huwaita patou. Anakuja akibweka ili akujue. Simama, ongea kwa sauti ya kawaida, usimtazame machoni, usimpapase, usiinue fimbo. Akishatulia zunguka kundi kwa mbali, usipite katikati ya kondoo. Na kila uzio wa malisho unaoufungua, ufunge nyuma yako.

Chaji na laini ya simu?
*Msomaji, Dodoma*

Adapta ya pini mbili nyembamba za duara huingia nchi zote tatu, plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kokote. Beba betri ya akiba ya mAh 10,000, soketi za bwenini ni chache. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, hivyo laini ya Ufaransa au Italia inaweza kukutoza sana mara uvukapo Grand Col Ferret. Zima data pale pale shingoni, uiwashe tena Col de Balme ukirudi Ufaransa.